Mtu mdogo mwenye miwani: Adolphe Thiers katika vibonzo na picha za Ufaransa

Mei 1822, gazeti la Le Constitutionnel la Paris lilichapisha makala ya mwandishi kijana aliyekuwa ametembelea maonyesho makubwa ya sanaa ya mwaka huo. Wengi walikuwa wameibeza picha ya mchoraji asiye na jina, Eugène Delacroix, inayomwonyesha Dante akivushwa kwa mashua katika maji ya kuzimu. Kijana huyu aliitetea. Alisema hakuna picha pale iliyodhihirisha vizuri zaidi mustakabali wa mchoraji mkubwa. Alikuwa na miaka 25, jina lake Adolphe Thiers, na historia ya sanaa imempa haki kabisa: Delacroix ni mmoja wa wakubwa wa karne ile.

Miaka 13 baadaye, Septemba 1835, mtu huyohuyo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati Ufaransa ilipopitisha sheria ya kumlazimisha kila mchoraji aombe kibali kabla ya kuchapisha mchoro wowote. Katika jiji la Paris, kibali hicho kilitolewa na Waziri wa Mambo ya Ndani.

Ndiyo maana suala la Thiers katika sanaa na vibonzo ni gumu kuliko linavyoonekana. Ukizitazama picha zake kwa mkupuo, utakuta kibwengo mwenye damu mikononi na pia babu mtukufu aliyelikomboa taifa. Mtazamaji wa leo hushawishika kusema kwamba vibonzo vilisema kweli na picha rasmi zilimvika kilemba cha ukoka, au kinyume chake, kwamba wachora vibonzo walikuwa wazushi tu. Maelezo yote mawili yanarahisisha mno. Kila picha ya Thiers ilizaliwa chini ya sheria fulani, ikauzwa mahali fulani, kwa watu fulani, mara nyingi katika wiki fulani. Tukiyaondoa hayo tunabaki na kijitu chenye miwani, na hatujui kwa nini watu walifungwa kwa michoro ya aina hiyo.

Thiers alizaliwa Marseille mwaka 1797. Alisomea sheria Aix-en-Provence, akahamia Paris mwaka 1821 bila mali wala ukoo wa kumbeba. Kalamu ndiyo iliyompandisha. Kati ya 1823 na 1827 alitoa historia ya Mapinduzi ya Ufaransa katika juzuu kumi, na Januari 1830 akaanzisha na wenzake gazeti la Le National. Julai mwaka huo Mfalme Charles X alipotoa amri za kuyafunga magazeti mdomo, waandishi 44 walitia saini tamko la kuzipinga, na aliyeliandika alikuwa Thiers. Siku chache baadaye mfalme akaanguka, Louis-Philippe akashika kiti, na mwandishi wetu akaingia serikalini. Alikuwa waziri mara kadhaa na Waziri Mkuu mara mbili, mwaka 1836 na mwaka 1840. Mwaka 1871, akiwa mzee wa miaka 73, akawa mkuu wa serikali na kisha Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tatu. Alifariki Septemba 1877.

Kwa karibu nusu karne, basi, wachoraji waliishi naye. Na maumbile yake yalikuwa zawadi kwao. Kimo chake kilikuwa kama mita 1.55. Kichwa kilikuwa kikubwa kwa mwili ule, uso wa mviringo, miwani ya duara, na kishungi cha nywele kilichosimama juu ya paji la uso. Ukichora miwani na kishungi hicho tu, juu ya kitu chochote kile, kila mtu Paris alimtambua. Sifa hizi hazikubadilika tangu 1832 hadi 1877, isipokuwa nywele kuwa nyeupe. Kilichobadilika ni maana ambayo wachoraji waliipakia juu yake.

Jiwe, wino na kioo cha duka

Ili kuelewa nguvu ya vibonzo vya miaka ya 1830 inabidi kuelewa namna vilivyochapwa. Zamani mchoro ulichongwa kwenye ubao au bamba la shaba, kazi ya fundi wa pekee na ya siku nyingi. Litografia iliondoa usumbufu huo. Mchoraji alichora mwenyewe kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe likaloweshwa maji. Maji hayashiki penye mafuta, lakini wino hushika hapohapo. Karatasi ikagandamizwa juu yake, mchoro ukatoka. Jambo lililotokea bungeni wiki hii liliweza kuwa dukani wiki hiihii, tena kwa mkono halisi wa mchoraji, pamoja na ghadhabu yake yote.

Charles Philipon aliuona mapema uwezo huo. Alianzisha gazeti la kila wiki la La Caricature Novemba 1830, na gazeti la kila siku la Le Charivari Desemba 1832. Magazeti haya yalikuwa ya bei na wanunuzi wake walikuwa wachache. Lakini duka la shemeji yake, Aubert, lililokuwa kwenye kichochoro cha maduka cha Véro-Dodat, lilibandika michoro kwenye vioo vya mbele. Kutazama kulikuwa bure. Vibarua, watumishi na wanafunzi wasio na hela walisongamana pale, na asiyejua kusoma alielezwa na aliye pembeni yake. Kilichoitia serikali hofu hasa ni kile kioo, kwa sababu hakikudai ada wala elimu.

Philipon ndiye pia aliyewafundisha wenzake hila ya alama moja. Alipofikishwa mahakamani Novemba 1831 kwa kumtusi mfalme, aliwachorea waamuzi uso wa Louis-Philippe ukigeuka hatua kwa hatua mpaka ukawa pea, lile tunda lililonona chini na kuchongoka juu. Je, watakipiga marufuku kila kinachofanana na mfalme? Basi wayahukumu na mapea. Alipatikana na hatia, lakini pea likaenea katika kuta za Paris likichorwa na watoto kwa chaki. Huko ndiko Ufaransa ilikojifunza kwamba kiongozi anaweza kufupishwa akawa umbo moja lisilohitaji maelezo. Thiers naye akapata ufupisho wake: miwani, kishungi, miguu mifupi.

Miongoni mwa vijana wa Philipon alikuwamo Honoré Daumier, aliyezaliwa mwaka 1808 Marseille, mji uleule wa Thiers, mtoto wa fundi wa vioo. Kwa mchoro wake wa mfalme kama jitu Gargantua linalomeza kodi za maskini alihukumiwa kifungo cha miezi sita, na mwaka 1832 akawekwa katika gereza la Sainte-Pélagie. Hata hivyo alitoka na kuendelea, hata kufikia litografia kama 4,000 maishani mwake.

Katika miaka hii ya mwanzo, udogo wa Thiers kwenye vibonzo ulisomeka kama udogo wa mtu aliyepanda ngazi haraka mno. Alikuwa wa mkoani, mwandishi wa magazeti aliyegeuka waziri, aliyeoa mwaka 1833 binti wa familia tajiri ya Dosne, yeye akiwa na miaka 36 na bibi harusi hata hajafika umri wa utu uzima. Paris ilisengenya, wachoraji wakasikia. Inasemekana Marshali Soult, aliyekuwa naye serikalini, ndiye aliyempachika jina la Foutriquet, neno la dharau kwa kijitu kisicho na maana. Jina hilo litarudi, na litarudi likiwa na sumu zaidi.

Picha isiyo na uso wake

Mchoro uliomchafua zaidi Thiers katika miaka hiyo, kwa maoni yangu, hauna uso wake hata kidogo.

Aprili 1834 kulizuka ghasia Lyon na kisha Paris. Thiers alikuwa amerudishwa wizara ya Mambo ya Ndani siku chache tu kabla. Usiku mmoja wa ghasia hizo, askari wakidai risasi imetoka katika nyumba namba 12 ya mtaa wa Transnonain, waliivamia nyumba hiyo wakaua wakazi waliowakuta, wengine wakiwa kitandani. Daumier alichora chumba baada ya askari kuondoka. Mwanamume ameanguka sakafuni kando ya kitanda, ana shati la kulalia na kofia ya usiku, na chini ya mwili wake amelalia mtoto mchanga aliyekufa. Upande mmoja yuko mwanamke gizani, upande mwingine kichwa cha mzee. Hakuna bunduki, hakuna askari, hakuna waziri. Chini yake pameandikwa jina la mtaa na tarehe, basi.

Watu wengi huihesabu kazi hii katika vibonzo kwa kuwa imetoka katika karakana ya vibonzo, lakini hakuna kilichokuzwa humo wala kilichopindwa. Ilitolewa katika mfululizo wa picha ambao Philipon aliuanzisha ili mapato yake yalipie faini za magazeti yake, ikatundikwa kwenye kioo cha Aubert, umati ukakusanyika. Polisi walilikamata jiwe na nakala walizoweza kuzipata, na ndiyo sababu zilizobaki ni adimu. Aliyeitazama mwaka 1834 hakuhitaji kuambiwa nani alikuwa na dhamana ya usalama wa Paris usiku ule.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai, Giuseppe Fieschi alimfyatulia mfalme mtambo wa mitutu mingi akiwa katika gwaride kwenye barabara ya Temple. Mfalme alipona, watu 18 walikufa. Serikali iliharakisha sheria kali, zinazojulikana kama sheria za Septemba. Kulikuwa na kikwazo: katiba ya 1830, tunda la mapinduzi yaliyochochewa na waandishi akina Thiers, ilisema udhibiti wa magazeti hautarudi kamwe. Mawaziri wakatenganisha. Katiba, walidai, inalinda maoni, na maoni huandikwa kwa maneno ambayo mtu huyasoma na kuyapima; mchoro huyasemesha macho moja kwa moja na huchochea tendo. Kwa hoja hiyo neno likabaki huru kuchapishwa, ingawa kwa dhamana kubwa ya fedha na hatari ya kushtakiwa, na mchoro ukalazimika kuombewa ruhusa kabla. La Caricature lilifungwa Agosti, kabla hata sheria haijaanza kazi.

Hoja hiyo ni ya kujikinga, lakini haikuwa ya kipumbavu. Waliamini kweli kwamba picha ina nguvu kuliko makala, na Thiers aliamini hivyo zaidi ya wenzake wote mezani pale. Mwaka 1833, akiwa waziri wa Biashara na Ujenzi, yeye ndiye aliyempa Delacroix kazi ya kupamba ukumbi wa mfalme katika jengo la Bunge. Alimtuma Xavier Sigalon Roma kunakili Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo kwa ukubwa wake ili wanafunzi wa Paris waione. Alimkabidhi François Rude kikundi cha sanamu za Arc de Triomphe ambacho leo kila mtalii hukipiga picha, wale watu wanaokwenda vitani huku mwanamke mwenye mabawa akipiga ukelele juu yao. Nyumbani kwake alikusanya sanamu za shaba na nakala za picha za Italia. Mtu huyu hakuichukia sanaa hata kidogo. Alitaka ile inayoinua taifa itundikwe ukutani kwa fedha ya serikali, na ile inayolivua nguo taifa ipite kwanza mezani kwake. Simwoni kama mnafiki hapo. Namwona kama mtu aliyeijua silaha vizuri kiasi cha kutotaka ibaki mikononi mwa wengine, na hilo ni zito kuliko unafiki.

Matokeo kwa wachoraji yalikuwa ya papo hapo. Wanasiasa wakatoweka kwenye Le Charivari. Daumier na Philipon wakamgeukia Robert Macaire, tapeli wa jukwaani, wakamfanya mwanasheria, daktari, mwuza hisa. Wasomaji wakajua kusoma katikati ya mistari. Mwaka 1840 Thiers, akiwa Waziri Mkuu, aliomba Uingereza irudishe mabaki ya Napoleon kutoka Saint Helena, na akaanzisha mpango wa ukuta mkubwa wa kuizunguka Paris. Kwa mchora vibonzo huru hayo yangekuwa chakula cha mwaka mzima: mtu mfupi kuliko wote bungeni akijivika joho la mfalme wa vita.

Februari 1848 Louis-Philippe alikimbia, sheria za Septemba zikafutwa, na Daumier akarudi kwenye siasa kama aliyefunguliwa kamba. Kati ya 1848 na 1851 Thiers ni mmoja wa wahusika wake wa kila mara katika Le Charivari. Maana ya umbo lake sasa ni nyingine. Hapandi tena ngazi, ananong'ona. Yuko kundini na wazee wa chama cha utaratibu, yaani wahafidhina, akipanga, akivuta kamba nyuma ya pazia. Mei 1850 aliitetea sheria ya kupunguza wapiga kura, iliyowaondoa watu wapatao milioni tatu kwenye orodha, wengi wao wafanyakazi wanaohamahama kutafuta kazi, na katika hotuba yake akautaja umati duni. Maneno hayo hayakusahauliwa. Wala halikusahauliwa jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja: alimuunga mkono Louis-Napoléon Bonaparte kuwa rais akidhani atamwongoza kirahisi, na tarehe 2 Desemba 1851 polisi wa huyohuyo Bonaparte wakamtoa kitandani alfajiri, akapelekwa uhamishoni.

Februari 1852 ukaja udhibiti mpya wa michoro. Chini ya Napoleon III, ndiye Louis-Napoléon huyohuyo, ilijengeka pia desturi ya ajabu: ili kumchora mtu aliye hai ilibidi apatikane mwenyewe akubali kwa maandishi. Magazeti ya vibonzo yalikuwa yakichapisha barua hizo za ridhaa, kwa mwandiko wa mhusika, kando ya kichwa chake kikubwa juu ya mwili mdogo. André Gill, kinara wa mtindo huo katika La Lune na baadaye L'Éclipse, alilazimika kuwachora watu kwa idhini yao na bado awaume. Ni sababu mojawapo ya vibonzo vya miaka ya 1860 kuwa vya heshima kiasi kuliko vya 1834. Tukivisoma kama ushahidi kwamba watu waliwapenda zaidi viongozi wao, tunaisoma hofu ya sheria tukidhani ni mapenzi.

1871

Septemba 1870 Dola ya Napoleon III ilianguka vitani mbele ya Prussia, udhibiti ukaanguka nayo. Thiers alikuwa ameipinga vita hiyo hadharani mwezi Julai, akazomewa kwa hilo. Februari 1871 wapiga kura wa mikoa 26 walimchagua kwa pamoja. Nadhani vibonzo vyenyewe vilichangia hapa: baada ya miaka 40 ya kuchekwa, hapakuwa na uso wa mwanasiasa uliojulikana zaidi kwa Mfaransa wa kawaida, na katika maangamizi yale watu walitafuta uso wanaoujua.

Paris haikuwa na fikra hiyo. Tarehe 18 Machi jaribio la serikali la kuchukua mizinga ya walinzi wa jiji liliwasha uasi, Thiers akahamia Versailles, na Komuni ya Paris, serikali ya waasi wa jiji, ikaanza. Katika wiki zipatazo kumi hivi zilizofuata jiji lilifurika karatasi za vibonzo, nyingi zikiwa za ukurasa mmoja, zimepakwa rangi kwa mkono, zikiuzwa mitaani. Wachoraji kama Pilotell, Faustin na Moloch walifanya kazi bila kibali cha mtu. Jina la Foutriquet likafufuliwa. Thiers akachorwa mara mnyama, mara kibwengo, mara mtoto mtundu anayecharazwa na mwanamke kijana mwenye kofia nyekundu, ambaye ni Komuni yenyewe. Pea la zamani nalo likarudi, safari hii likisimama kwa wajukuu wa Louis-Philippe, kwa kuwa watu waliamini mzee anataka kuwarudisha kwenye kiti. Katika London, Karl Marx alipoandika juu ya Komuni alimwita Thiers mbilikimo wa kutisha; lugha ya wachora vibonzo ilikuwa imeingia hata kwenye maandishi ya nadharia.

Udogo ule sasa ulimaanisha udogo wa roho: kiumbe kinachozidiwa na damu kinachoimwaga. Baadhi ya karatasi hizi ni za matusi matupu, uchoraji wake ni wa haraka na dhaifu, na sioni sababu ya kuzisifu kwa sanaa. Lakini zina ukweli mmoja ambao kazi zilizotulia hazina. Zilichorwa na watu walio chini ya mizinga ya yule wanayemchora.

Mei 1871 Komuni iliamuru nyumba ya Thiers ya Place Saint-Georges ibomolewe. Mkusanyiko wake wa sanaa uliondolewa, mchoraji Gustave Courbet akiwa miongoni mwa waliohangaika vitu hivyo visiharibiwe. Sehemu ilipelekwa Tuileries, na jumba hilo likateketea siku chache baadaye. Kisha jeshi la Versailles liliingia jijini tarehe 21 Mei. Kwa wiki moja watu waliuawa kwa maelfu, wengi wao kwa kupigwa risasi bila hukumu. Wanahistoria bado wanabishana kama ni elfu kadhaa au makumi ya maelfu. Tarehe 28 Mei wapiganaji 147 walipangwa kwenye ukuta wa makaburi ya Père-Lachaise na kuuawa. Bunge baadaye lilimlipa Thiers fidia ya zaidi ya faranga milioni moja kwa nyumba yake.

Desemba mwaka huo ilitolewa amri ya kupiga marufuku, Paris na penginepo palipokuwa chini ya hali ya hatari, uuzaji wa michoro na picha za Komuni zinazoweza kuvuruga utulivu. Karatasi zile zilifichwa majumbani, nyingine zilivushwa nje ya nchi. Tangu hapo upande mmoja tu ndio uliokuwa na ruhusa ya kuchora.

Na upande huo ulikuwa na jambo la kweli la kusherehekea. Ujerumani ilidai fidia ya faranga bilioni tano, na majeshi yake yalibaki Ufaransa mpaka deni liishe. Mkopo wa taifa uliotangazwa Julai 1872 kwa bilioni tatu ulivutia ahadi mara nyingi zaidi ya kiasi kilichohitajika, deni likalipwa kabla ya muda, na Septemba 1873 askari wa mwisho wa Kijerumani akavuka mpaka. Thiers akapewa jina la Mkombozi wa Ardhi ya Taifa. Sura yake ikaenea katika picha za bei nafuu, kwenye medali, kwenye kadi za picha za kamera. Hata Gill alilainika: katika L'Éclipse mwaka 1872 alimchora akiinua kitoto kichanga, Jamhuri, kama anayejivunia uzazi huo. Ni kibonzo, na bado miwani na kishungi ni vilevile vya Daumier, ila mtu mdogo amekuwa babu wa nyumbani. Wapenda ufalme walimng'oa madarakani Mei 1873, hivyo akaingia uzeeni kama shujaa wa wapenda jamhuri, kambi ambayo nusu ya maisha yake aliipiga vita.

Léon Bonnat alimchora mwaka 1876, na picha hiyo ndiyo inayochapishwa zaidi anapotajwa. Nyuma yake ni giza tupu, vazi ni jeusi, mwanga wote umemwagwa usoni na kwenye nywele nyeupe. Itazame ukiwa na vibonzo kichwani, utaona ujanja wa Bonnat. Hakuficha miwani wala kishungi. Bila hivyo asingekuwa Thiers. Alichokiondoa ni kila kitu ambacho jicho lingekitumia kupima kimo. Hakuna kiti, meza wala mtu wa pili. Katika giza lile mtu wa mita 1.55 anakuwa na kimo chochote unachomdhania.

Jules-Arsène Garnier alifanya kinyume. Juni 1877, katika mjadala mkali bungeni, waziri mmoja alipodai kwamba sifa ya kuikomboa nchi ni ya upande wake, wabunge wa jamhuri waliruka wakamwonyesha Thiers kwa vidole wakipaza sauti kwamba mkombozi ni huyu. Garnier aliichora dakika hiyo mwaka 1878, na picha ipo Versailles. Ukumbi mzima umesimama, mikono imenyooshwa, Léon Gambetta akiwamo, yuleyule ambaye Thiers aliwahi kumwita mwendawazimu mwenye ghadhabu. Mzee ameketi, mdogo katikati ya dhoruba, na udogo ule uliochekwa miaka 40 sasa ndio unaolivuta jicho.

Thiers alifariki tarehe 3 Septemba 1877. Ernest Meissonier alimchora kitandani mwake alipolala mauti. Mwaka uliofuata Jehan-Georges Vibert alitoa turubai kubwa ya kumtukuza: maiti imelazwa, Ufaransa kama mwanamke amesimama juu yake, msafara wa mazishi unapita. Kwangu ni kazi nzito isiyopumua, inayotaka kusema kila jambo mara moja. Hata hivyo inafaa kuwekwa kando ya mchoro wa mtaa wa Transnonain. Katika ule, maiti haina jina na hakuna anayeiombolezea. Katika huu, maiti moja imekusanyiwa taifa zima.

Ushindi wa picha rasmi haukudumu. Waliohukumiwa kwa ajili ya Komuni walisamehewa mwaka 1880 wakarudi na kumbukumbu zao. Sheria ya tarehe 29 Julai 1881 ilifuta kabisa ruhusa ya awali kwa michoro, na mabango, karatasi na magazeti ya wafanyakazi yakaanza kumchora upya Thiers aliyekufa, kama mwuaji wa Mei. Nancy, mji ulioondokewa na Wajerumani mwaka 1873, ulimsimamishia sanamu mwaka 1879 mbele ya stesheni ya reli. Sanamu hiyo iliondolewa katika miaka ya 1970, na uwanja uliokuwa na jina lake sasa unaitwa Place Simone-Veil. Nyumba ya Place Saint-Georges ilijengwa upya na leo ni mali ya Institut de France, ikiwa na maktaba ya historia ya karne ya 19. Katikati ya uwanja huo, mbele ya madirisha yake, jiji lilimjengea mnara mwaka 1911 mtu mwingine kabisa: Paul Gavarni, mchoraji wa litografia wa Le Charivari.